Kinyozi Bubu na Kichwa cha Mdogo Wake

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi vinyozi mliofunga maduka leo mkaacha vichwa vya watu vikisubiri, familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea safari ya mpendwa wetu hapa duniani, mimi mtoto wa dada yake, na sababu waliyonipa ni kwamba nina sauti kubwa. Mimi nashuku sababu yenyewe ni nyingine, kwamba katika ukoo huu ni mimi niliyekula chakula katika nyumba za wajomba zangu wote wawili wakati nyumba hizo zilikuwa hazisalimiani. Mjane ameniomba nisilifiche jambo hilo, na mjomba aliyebaki ameniambia nilisome lilivyo, kwa hiyo naomba mnivumilie nikichukua muda kidogo, jua bado halijawa kali.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bubu, na baadhi yenu mkadhani kweli alikuwa na kasoro ya ulimi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu, wa pili akiwa mama yangu, huyu aliyeketi mbele hapa, na wa tatu akiwa mjomba wangu seremala. Baba yao alikuwa mlinzi wa geti kiwandani, mama yao alikuwa akiwafulia watu nguo, na nyumba ile ilinuka sabuni mwaka mzima, hata marehemu alipenda kusema kwamba wao walikuwa maskini, lakini maskini wasafi. Aliongea kabla ya kutambaa, bibi yangu akasema mtoto huyu amemeza redio, na mgeni alipobisha hodi yeye ndiye aliyemweleza nani ndani anaumwa tumbo, nani amechapwa, na kwa kosa gani.

Bibi alikuwa na desturi yake mezani, kwamba kabla ya mtu kugusa chakula kila mtoto amtaje mtu mmoja wa kuombewa na aeleze shida yake, ili wasikue wakidhani kwamba Mungu aliumba matumbo yao tu. Hapo ndipo watoto wale walipojifunza kumwombea mlinzi mwenzake baba yao aliyekuwa na maumivu ya mgongo, na mwalimu aliyefiwa, na hata mbwa wa jirani aliyevunjika mguu. Marehemu hakutosheka na mtu mmoja, alileta mtaa mzima, chakula kikapoa, mpaka babu akazoea kuitikia amina katikati ya sentensi ili watu waanze kula.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa kuanzia Januari 1959 hadi Desemba 1966, akafaulu kusoma na hesabu, akafeli kunyamaza, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya elimu yake aliipata akiwa amesimamishwa nje, karibu na dirisha la nyuma ya darasa. Huko, kwa maelezo yake mwenyewe, ndiko alikoanza kupenda visogo vya watu, maana ukiwa dirisha la nyuma huoni uso wa mtu, unaona kisogo, na kisogo hakijui kudanganya, kipo kilichokatwa na mama mwenye haraka, kipo chenye kovu, kipo ambacho unajua kabisa leo mwenyewe hajala. Alipofika darasa la nne aliazima mkasi wa bibi bila ruhusa, akamketisha mdogo wake juu ya beseni lililopinduliwa, chini ya kamba ya nguo, na tangu siku hiyo kila Jumamosi mchana ndugu wawili walikuwa pale, mkubwa akikata na kuongea, mdogo akiinamisha kichwa na kucheka. Mama yangu husema ukitaka kuwajua watu hao wawili usiangalie kitu kingine chochote.

Mwaka 1968 marehemu alipokelewa na kinyozi mmoja mkongwe aliyeitwa Mzee Wembe, jina ambalo halikutokana na kifaa chake bali na ulimi wake, akafundishwa kunoa, kuosha vifaa kwa spiriti, kumkunja mteja sikio bila kumwudhi, na sheria moja ambayo mzee yule aliirudia kila asubuhi akifungua mlango, kwamba maneno ya kwenye kiti hufagiwa pamoja na nywele. Marehemu aliikariri sheria hiyo, na kama tunavyokariri mambo wengi wetu, hakuielewa. Tarehe 6 Julai 1974 alifungua duka lake mwenyewe, chumba kimoja kati ya duka la dawa na fundi viatu, lenye kioo kirefu, rafu ya poda na vitana, na kiti cha mbao alichotengenezewa na mdogo wake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amehitimu useremala. Kiti kile kilikuwa na mgongo unaolala kwa komeo, na komeo hilo lilifyatuka mara mbili likamlaza mteja chali na povu lake usoni, jambo ambalo ndugu hao walilicheka maisha yao yote, ingawa miaka mingi kila mmoja alilichekea nyumbani kwake.

Duka likajaa. Wenye nywele walikuja kunyolewa, wenye vipara walikuja kusikiliza, na ilikuwa ni kawaida mtu kuondoka pale akiwa amesahau kunyolewa. Ndipo akaanza kuja msichana mmoja mshona sare za shule, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya yetu, akiwaleta wadogo zake watatu wakatwe nywele, na baada ya wiki mbili akawaleta tena, na baada ya wiki tena, mpaka mdogo wa mwisho akalia kwamba hana hata unywele mmoja wa kukatwa na kichwa kinapata baridi. Marehemu alielewa. Walifunga ndoa takatifu katika kanisa hili tarehe 11 Desemba 1976, na mdogo wake ndiye aliyemsimamia, akiwa amenyolewa asubuhi hiyo na bwana harusi mwenyewe, aliyekataa katakata kinyozi mwingine amguse msimamizi wake. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kiume mwaka 1978, wa kike mwaka 1980, na wa kiume tena mwaka 1985, nao wote wako hapa.

Sasa nafika mahali ambapo nimeambiwa nisiparuke. Mjomba seremala alifunga ndoa mwaka 1979, na miaka ikaenda bila mtoto, na ninyi mnawajua watu, hawakosi swali. Jumamosi moja ya mwezi Agosti 1983, duka likiwa limebaki tupu, seremala aliketi kwenye kiti alichokitengeneza kwa mikono yake, akainamisha kichwa, na akamweleza kaka yake kwamba amekwenda kupimwa kwa siri, na daktari amemwambia tatizo ni lake yeye na halina dawa, na kwamba mke wake bado hajui, anatafuta maneno ya kumwambia. Neno la mwisho alilosema alipokuwa akipanguswa shingo lilikuwa, "Niombee, kaka."

Marehemu alimpenda mdogo wake, katika hilo hakuna mwenye shaka hata leo. Jumatano yake alikwenda kwenye kikundi cha maombi, sebuleni kwa jirani mmoja, watu wamebanana kwenye viti na mabenchi, na kiongozi alipouliza nani ana hitaji, alisimama kama alivyokuwa akisimama mezani kwa mama yake, akasema naomba tumlilie Mungu kwa ajili ya mdogo wangu, akaeleza kila kitu, hospitali, vipimo na maneno ya daktari, huku machozi yakimtoka, na watu wakaguna kwa huruma. Alikuwa akimwambia Mungu, akasahau kwamba Mungu hakuwa peke yake chumbani. Mke wa mdogo wake alikuwa ameketi pembeni ya dirisha, ametoka kazini moja kwa moja, kikapu bado kiko magotini, na habari ya ndoa yake aliisikia hapo, pamoja na majirani. Alisimama, akachukua kikapu chake, akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka. Ni mlango ulipojifunga ndipo marehemu alipojua alichokifanya, na mama yangu, aliyekuwapo, anasema alibaki amesimama vilevile, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuna kilichotoka.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwenye karakana ya mdogo wake kuomba radhi, akasimama kwenye maranda, akaomba, na seremala hakuinua uso kutoka kwenye ubao aliokuwa akiupiga randa. Alikwenda tena na tena, mpaka jibu likaja kwa mkono wa mama yangu, aliyekuwa ndiye daraja lao na aliyechoka kukanyagwa na pande zote mbili, nalo lilikuwa hivi, "Mwambie nimemsamehe, nisije nami nikakosa msamaha, lakini kichwa changu asikiguse tena." Mama alilifikisha lilivyo. Marehemu aliuliza kama anaweza kusubiri, na mama akamwambia kusubiri hakukatazwi.

Basi akasubiri, na kusubiri kwenyewe kulikuwa hivi. Ndugu hao waliabudu kanisa hili hili, seremala akikaa safu ya tatu, marehemu safu ya saba, na kila Jumapili kisogo cha mdogo wake kilikuwa mbele ya macho yake kuanzia wimbo wa kwanza hadi baraka. Seremala alikuwa akizunguka kwa vinyozi wa mbali, na mafundi wale, Mungu awasamehe, walimtenda, leo upande huu uko juu, kesho mstari wa shingo umepinda kama barabara iliyokwepa kisiki. Marehemu aliumia. Aliumia kama ndugu na aliumia kama fundi, vidole vikawa vinacheza peke yake juu ya kitabu cha nyimbo, na mchungaji wa wakati ule alikuwa akiwaambia watu jinsi mahubiri yake yanavyomgusa yule kinyozi mpaka anatokwa na machozi.

Dukani alinyamaza. Wateja walidhani ana kidonda cha koo, wakamletea asali, kisha wakamwita Bubu, na jina likamganda. Mwanzoni duka lilipungua watu, maana nani aende kunyolewa na ukuta, lakini taratibu likajaa tena, na safari hii walikuja watu wa aina nyingine, mwenye deni la moyoni, mke aliyeletwa na mawazo akisingizia kumleta mtoto, kijana aliyeogopa kwenda nyumbani. Walikaa kwenye kiti wakamwaga, naye akakata nywele, akasikiliza, akapangusa shingo, akafagia. Sheria ya Mzee Wembe sasa alikuwa ameielewa. Kwenye kikundi cha maombi hakuacha kwenda, ila akiulizwa hitaji lake alisimama akasema, "Nina mtu. Mungu anamjua," akaketi, na watu waliozoea kusimuliana mambo ya wenzao kwa jina la maombi wakaanza kuona haya, na leo katika kikundi kile ndivyo wote tunavyoomba. Alipoombwa awe mzee wa kanisa alikataa kwa heshima, akasema mzee wa kanisa inabidi aseme, na yeye ameshasema yake.

Nyumbani aliibadilisha desturi ya bibi. Kabla ya chakula kila mtoto aliendelea kumtaja mtu mmoja, lakini hakutakiwa kueleza shida ya mtu huyo, alitakiwa kueleza kesho atamfanyia nini. Binti yake anakumbuka akiahidi kumfagilia uwanja jirani aliyejifungua, na mwanawe wa mwisho anakumbuka akitoa ahadi ya kumrudishia mwenzake mpira, akidhani mezani ndiyo yameisha, na asubuhi akamkuta baba amesimama mlangoni ameushika mpira wenyewe, anasubiri tu. Jumamosi aliwaosha watoto vichwa mmoja mmoja kwenye beseni, akiwauliza swali moja na kungoja jibu, na binti huyo ananiambia kwamba yeye imani yake hakuipata kwenye mahubiri, aliipata kichwa kikiwa ndani ya maji ya uvuguvugu, mikono ya baba yake ikimkinga macho yasiingie sabuni, na hata leo akisikia watu wakisema Mungu ni Baba, picha inayomjia ni hiyo.

Jumatatu ndiyo siku ya vinyozi kupumzika, na kwa zaidi ya miaka thelathini marehemu aliitumia wodini, akizunguka na begi lake dogo kuwanyoa wagonjwa. Wauguzi mlioko hapa mtanisahihisha nikikosea, lakini mwaka 1996 alilazwa dereva mmoja wa lori aliyekaa muda mrefu bila fahamu, na alipoamka aliomba watoto wake wasije, kwa sababu alijitazama kwenye kioo akaogopa mwenyewe, ndevu zimemmeza na nywele zimeshikamana na bandeji. Marehemu alifanya kazi kwenye kichwa kile kuanzia asubuhi hadi chakula cha mchana, polepole, akilowesha, akikata kidogo, akingoja mtu apumzike, na watoto walipoingizwa wodini, mdogo wao hakusita, alikimbia moja kwa moja kitandani akipiga kelele za baba. Marehemu alikuwa kwenye korido akifunga begi. Hakuwahi kutusimulia, tumelijua wiki hii kutoka kwa dereva mwenyewe, ambaye amesafiri kuja kuzika.

Nirudi kwa nyumba ile ya pili, maana haikukaa bila furaha. Mke wa seremala hakuondoka kama watu walivyotabiri. Alilia yake, akamaliza, na mwaka 1988 waliletewa mtoto mchanga wa kike aliyekosa wa kumlea, wakamchukua kisheria wakamfanya wao, na akawa wao kweli, hata anakunja uso kama seremala. Mtoto alipofika umri wa kwenda shule, mama yake alimshika mkono akaingia naye katika duka la marehemu, duka likiwa limejaa, akampandisha kwenye kile kiti, akasema, "Mkate vizuri, shemeji, na usiongee." Marehemu alimkata vizuri na hakuongea. Walipotoka alivua koti lake la kazi, akafunga duka mchana kweupe, akaenda kumwambia mke wake kwamba mmoja amefungua mlango. Tangu hapo shemeji alikuja na mtoto kila mwezi, na nyumba zikaanza kupelekeana salamu, ndizi, na mimi. Kichwa kimoja tu hakikuja.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwaka 2014 kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, kilichokuwa kikitikisika kama mtu anayehesabu, kisha mkono mzima, kisha wote wawili. Madaktari walisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, wakampa dawa za kuutuliza, si za kuuponya. Aliendelea kunyoa kwa kuegemeza kiwiko, mpaka siku ya Aprili 2016 alipomkata sikio mteja wake wa siku nyingi, mzee mwenzake, ambaye alicheka akasema sikio lenyewe halikuwa linasikia. Marehemu hakucheka. Aliosha vifaa vyake, akamkabidhi mkasi mwanawe wa kwanza, na kuanzia hapo alikuja dukani kukaa kwenye benchi tu, akiwa ameificha mikono chini ya mapaja. Alimwambia mke wake kwamba kifo hakimtishi, kinachomtisha ni kwamba alikuwa akisubiri kichwa kimoja, na sasa hata kikija, hana mikono ya kukipokea.

Mwaka jana mapafu yalianza kujaa maji, akalazwa, akarudi, akalazwa tena, na mwezi uliopita madaktari walituruhusu tumrudishe nyumbani, wakatueleza kwa upole maana yake. Jumapili ya tarehe 9 mwezi huu, baada ya ibada, mlango ulibishwa, na aliyeingia alikuwa mjomba seremala, naye ana miaka yake, fimbo mkononi, na nywele nyeupe zimemfunika masikio, kwa sababu tangu asikie kwamba kaka yake hatapona hakuwa amekwenda kwa kinyozi yeyote. Alivuta stuli akaiweka ubavuni mwa kitanda, akaketi akimpa kaka yake mgongo, akainamisha kichwa.

"Kaka, nywele zimenizidi," alisema.

Marehemu aliitoa mikono yake chini ya blanketi akamwonyesha. "Mdogo wangu, mikono yenyewe ndiyo hii."

"Naiona. Kata."

Mke wa marehemu alileta shuka safi akamfunga seremala shingoni, mtoto wa kwanza akaleta mkasi na kitana, akataka kumshikia baba yake kifundo cha mkono, na seremala bila kugeuka akamwambia, "Mwache." Basi marehemu akakata. Mkasi ulikuwa ukienda unakotaka, nywele zikianguka mafungu mafungu kitandani, na mwanawe, ambaye ni fundi, alilazimika kutazama dirishani. Kisha jambo likatokea ambalo wapwa na watoto wa nyumba ile hatukuwahi kulisikia. Bubu akaanza kuongea. Aliongea kuhusu kiwanda cha sabuni, kuhusu babu na amina yake ya haraka, kuhusu mteja aliyelazwa chali na komeo, alimsengenya kila kinyozi aliyewahi kukishika kichwa kile tangu mwaka 1983, mmoja baada ya mwingine, alivyowaona kutoka safu ya saba, nani alikata kwa shoka na nani alikata amefumba macho, na seremala akacheka mpaka mabega yakatikisika, sasa mikono inatikisika na kichwa nacho kinatikisika, na katika kutikisika huko mkasi ukalipata sikio. Marehemu aliushusha mkasi, akaogopa. Seremala alipitisha kidole sikioni, akakitazama, akasema, "Endelea, hapo kwenye komeo hujamaliza."

Aliendelea mpaka sauti ikakauka. Alipomaliza alimpangusa mdogo wake shingo kwa kiganja, maana brashi ilimshinda, na akakiacha kiganja hapo kwa muda, na wote wawili walikuwa wakilia bila kujificha, wazee wazima, na sisi pia. Hakuna aliyetamka neno samahani, na nadhani kila mmoja wetu chumbani alilisikia. Marehemu aliitwa na Bwana wake Alhamisi ya tarehe 13, asubuhi, akiwa mikononi mwa mke wake, akiwa ameshalala vizuri usiku uliotangulia. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na mdogo wake mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, waliomwita baba wodini wakati wengine walikuwa bado wanamwita kinyozi, inawashukuru majirani kwa maji, viti na mabega, inawashukuru mchungaji na kikundi cha maombi, ambao wiki yote wamekuja wakakaa nasi na kusema machache, na inawashukuru vinyozi wenzake, wakiwemo wale aliowasengenya, ambao ninaona wameyapokea kwa moyo mweupe.

Na mwisho familia inamshukuru mjomba wangu seremala. Tangu jana nimewaona wengi wenu mkikitazama kichwa chake, upande mmoja umebaki msitu, upande mwingine umekwanguliwa, nyuma kuna ngazi ambayo mtu angeweza kuipanda, na sikioni kuna plasta, na nimewasikia mkinong'onezana kwamba msiba umemvuruga mzee wa watu. Haujamvuruga. Asubuhi ya leo vinyozi watatu wamemfuata kwa heshima wakiwa na mashine zao, wakimwomba wamsawazishe kabla ya ibada, na amewakatalia wote watatu, akawaambia nywele hizi amekatwa na kaka yake, na ni nzuri.

Nawe, mjomba wangu kinyozi, mikono yako imetulia sasa. Pumzika kwa amani.